Mwaka Tuliomlilia Mwajuma

Habari ya kifo cha Shomari Pazi ilinikuta Mbagala nikisimamia mtihani wa majaribio, na jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kumwombea marehemu, ni kutoka nje ya darasa na kumpigia simu binti yake nimuulize kama ni kweli. Mtu mwingine angeniona sina adabu. Mwajuma hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Safari hii ni kweli, Mwalimu. Nimemfumba macho mwenyewe." Nikarudi ndani nikakaa kwenye dawati la mwanafunzi ambaye siku hiyo hakuja, na darasa zima likainua vichwa kumtazama mwalimu wao mkali akilia na kucheka kwa pamoja, jambo ambalo halimo katika kanuni za chumba cha mtihani. Nikawaambia waendelee kuandika.

Ili mtu aelewe kwa nini niliuliza vile, inabidi nirudi kwenye mwaka wangu wa kwanza wa ualimu. Nilipangiwa shule moja ya sekondari Kiwalani, chini kabisa ya njia ya ndege, mahali ambapo mwalimu huacha sentensi katikati, akasubiri ndege ipite, kisha akaimalizia. Nilikuwa binti kijana, nina shahada, nina begi moja la nguo na maoni kuhusu kila kitu. Chumba nilipata kwa Bibi Mwamvita, Mzaramo wa palepale, kwenye nyumba ya korido yenye vyumba huku na huku na ua nyuma. Kuta za vyumba hazikufika juu, kwa hiyo ukipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma alikwambia afya. Jioni ya kwanza Bibi aliniandalia ubwabwa wa nazi na samaki wa kukaanga, akanikaribisha mkekani, na nilipokuwa natia mkono sahanini akaniuliza mie kabila gani. Nikamjibu kwa majivuno kwamba mimi Mnyamwezi, Kabula, kutoka Urambo. Bibi akapiga makofi mara moja, akaiondoa ile sahani mbele yangu.

"Kumbe mtani," akasema. "Nyie mlikuja pwani na mizigo kichwani, mkatua, mkapewa maji, mkaambiwa mrudi kwenu. Nani kakwambia ukae ule?"

Sasa, nilijua kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Nilikuwa nimesoma chuoni, tena niliwahi kuandika kurasa kadhaa juu ya faida za utani katika jamii. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniondolea sahani mdomoni kwa sababu ya faida hizo. Niliinuka nikaenda chumbani kwangu nimenuna, nikala biskuti. Baada ya muda mlango ukagongwa, akaingia mjukuu wa Bibi, msichana mwembamba wa kidato cha tatu mwenye macho ya kupima mambo, ameshika ile sahani. "Anakutania tu, Mwalimu," akasema. "Ila usipomjibu atakuonea hadi Idi." Huyo ndiye Mwajuma. Nilimshukuru, nikala ubwabwa wote, na jibu sikulipata. Kwa miezi iliyofuata Bibi alinitambulisha kwa wageni kuwa ni mpagazi wake aliyesahau kuondoka, akachukua viatu vyangu akaenda navyo sokoni, akaniambia nikifa atanizika nimesimama ili nisichukue nafasi. Mimi nilitabasamu kwa meno tu. Leo ningempa majibu manne kabla hajafunga mdomo, na kila ninapopata jibu zuri huwa namkumbuka kwa uchungu, maana sasa hayupo wa kulipokea.

Uani, karibu na mlango wa jikoni, kulikuwa na msumari mkubwa ukutani ambao haukutundikwa kitu. Niliwahi kutundika kanga yangu pale, Bibi akaiondoa bila kusema neno, na hiyo ilikuwa mara pekee aliponikataza jambo bila kunitania. Mengine niliyapata kwa kusikia, kwani kwa kuta zile kusikia hakukuwa umbea, kulikuwa sehemu ya kodi. Msumari ule ulikuwa wa Shomari, mtoto wa Bibi na baba yake Mwajuma. Alikuwa akipakia saruji kwenye malori huko Wazo, kiwandani, na ana mke mwingine hukohuko. Mama yake Mwajuma aliolewa upya Kilwa. Kutoka Wazo hadi Kiwalani si safari ya kumuaga mtu, lakini Shomari hakuwa anakuja, na Bibi aliliongelea jambo hilo kila alipochambua mchele.

"Shomari ukitaka kumwona uombe mtu afe," nilimsikia akimwambia jirani. "Harusi haji. Idi haji. Mtoto huyu kalazwa na malaria, hajaja. Lakini jirani wa jirani akifa Gongo la Mboto, huyo, wa kwanza kushika jembe. Mie namwonaga makaburini tu. Tunapeana shikamoo juu ya udongo, nageuka hivi, keshaondoka." Jirani akauliza kwani makaburini ana nini. Bibi akasema labda anapenda kimya. Mwajuma alikuwepo, nilisikia ungo wake ukipepeta, haukusimama hata mara moja.

Katikati ya mwaka nikapelekwa semina Temeke, ambako mkufunzi mmoja mwenye sauti ya upole alitufundisha kutengeneza hadithi za kidijitali na wanafunzi. Kila mtoto ana kisa chake, alisema. Akikisimulia mwenyewe, kwa sauti yake, juu ya picha zake, kwa dakika chache tu, atajifunza lugha na kompyuta na kujiamini kwa mpigo mmoja. Mchana tulikula pilau nzuri sana, na nadhani pilau ile ilichangia imani yangu. Nilirudi Kiwalani nimewaka moto. Mkuu wa shule, mtu mnene mwenye subira aliyekuwa amewaona walimu wengi wakirudi na moto kutoka semina, alinisikiliza hadi mwisho akiwa anachokonoa meno.

"Kompyuta nakupa, zile zinazowaka," akasema. "Projekta nakupa. Mie nataka kitu kimoja tu, wazazi. Nikiitisha kikao wanakuja watatu, na mmoja wao kapotea njia alikuwa anaenda zahanati. Kwa hiyo siku ya wazazi tutaonyesha hizo hadithi zako, lakini mtoto ambaye mzazi wake hajakaa kwenye kiti, yake haionyeshwi."

Nilipeleka habari hiyo nyumbani jioni, nikidhani ni nzuri. Bibi Mwamvita alikuwa anakaanga vitumbua na hakugeuka. "Mie sikai," akasema. "Nishazaa, nishasomesha, nishachoka. Mwenye mtoto yupo Wazo, mzima wa afya, anabeba mifuko. Kiti ni chake. Mie nikikikalia, hatokuja kukikalia maisha yake yote." Nikamwambia Bibi, lakini hadithi ya Mwajuma haitaonyeshwa. Akageuza kitumbua. "Basi isionyeshwe. Wewe mpagazi ishu za kwetu huzijui." Mwajuma alikuwa anachota maji. Aliweka ndoo chini polepole, akaitazama, kana kwamba ameona kitu ndani yake, kisha akaiinua tena. Alimtumia baba yake ujumbe wa siku ya wazazi kwa simu ya Bibi, nikiwa nimekaa pembeni yake. Baba akajibu kwa ukarimu kwamba atajitahidi. Nilifurahi, na Mwajuma akanitazama kwa huruma, kwa sababu mie nilikuwa mgeni wa neno hilo na yeye alilijua toka utotoni.

Kazi ikaanza, na ikaanza vibaya. Niliwaambia waandike maisha yao. Wiki moja baadaye nikakaa na rundo la kazi zao, na kila moja, bila kuacha hata moja, ilianza na neno Alizaliwa. Alizaliwa Kiwalani, akapata elimu ya msingi hapohapo, alikuwa mcheshi na mwenye ushirikiano na watu wote. Mwishoni nikakuta: ameacha mama, bibi na wadogo zake. Nikaenda darasani nimeshika karatasi zile juu. Ameacha, nikawauliza, ameenda wapi? Wakatazamana. Akasimama Deo, kijana mmoja mrefu ambaye sauti yake ilikuwa imekomaa mapema kuliko yeye mwenyewe, akasema kwa heshima zote, "Mwalimu, maisha ya mtu si ndo yanavyosomwaga?"

Alikuwa na haki. Nilipofikiri, hata mimi sikuwahi kusikia maisha ya mtu wa kawaida yakisimuliwa hadharani kutoka mwanzo hadi mwisho isipokuwa pale anaposimama mjomba na karatasi, mwili ukiwa ndani, watu wakiwa wameinama. Watoto wale walikuwa wamehudhuria misiba ya Waislamu na ya Wakristo, ya mtaa mzima, na walijua kwamba mtu akisimuliwa, basi ndiyo imetoka hiyo. Tena walikuwa wameifanya kazi ile kwa uzuri wa kutisha. Kwa kuwa walioneana haya kusoma maisha yao wenyewe, wote walikuwa wamemwomba Deo awasomee, na sauti yake nzito ikapita juu ya picha za pasipoti zikififia polepole, chini yake kuna muziki wa huzuni. Zilikuwa nzuri kazi hizo. Ya Mwajuma ndiyo iliyozidi. Alikuwa ameweka picha yake moja tu, hacheki, na kila baada ya sentensi aliacha kimya kirefu ambacho ungeapa kwamba ndani yake kuna watu wanajipangusa machozi.

Nikawaambia tunaanza upya. Neno ni nilizaliwa, tena hata kuzaliwa sikutaki, nataka kitu kimoja kilichokupata, kwa mdomo wako. Na hapo tukapambana na ndege, kwa sababu kila tulichorekodi kilikuwa na ndege ndani. Msichana anasimulia alivyopotea sokoni, ndege inapita. Kijana anasimulia mbuzi wao, ndege inapita, halafu mbuzi mwenyewe. Ndege zikitulia, jirani wa shule anafungulia muziki wa singeli. Mwisho tukagundua kwamba mahali pekee penye kimya shule nzima ni stoo ya chakula, katikati ya magunia ya unga wa sembe, yanayomeza sauti zote. Wanafunzi wakawa wanaingia mmoja mmoja na simu yangu, wanajifungia, na wanatoka baada ya muda wakiwa weupe nyusi na mabega, wengine wamelia, machozi yamechora njia kwenye unga. Mpishi alilalamika kwamba unga wake unaisha kwa hadithi. Mwajuma aliingia akakaa muda mrefu kuliko wote, na alipotoka hakutaka niisikilize. Alisema nitaisikia siku ya wazazi, kama ipo.

Siku ileile, akijipangusa unga, aliniuliza, "Mwalimu, zile za mwanzo, za Deo, tuzifute?" Nikamwambia anayetaka aiweke nyumbani kama kumbukumbu. "Mtu asiyejua akiiona, atajua ni ya shule?" Mtu mwenye akili zake atajua, nikamjibu, huku nafunga stoo. "Na ambaye hatokaa kufikiri?" Huyo shauri yake, nikasema, na nikaendelea na ufunguo wangu, maana ulikuwa msumbufu.

Jumamosi iliyofuata umeme ulikatika asubuhi. Mwajuma alikuwa amemwekea bibi yake ile hadithi kwenye simu tangu usiku, na Bibi alikuwa ameipenda mno, hasa pale Deo aliposema ameacha bibi yake mpendwa. Bibi mpendwa alikuwa yeye. Aliirudia akinywa chai, akawaita majirani, akaipeleka kibarazani, na mjukuu akiwa pembeni yake anakula muhogo hakuna aliyefikiria msiba. Akamwambia, "Warushie na wenzetu wa ukoo, waone unavyosomwa." Mwajuma akairusha kwenye kundi la familia, bila neno hata moja. Bibi akaendelea kuionyesha mtaani hadi simu ikazima, na umeme wa kuichaji hakuna. Kwa hiyo ukoo mzima wa Pazi, kutoka Gongo la Mboto hadi Kisarawe, ukaona picha ya binti asiyecheka, ukasikia sauti nzito ya kiume ikisema ameacha, ukapiga simu kwa bibi yake, na simu haipatikani. Simu ya bibi ikizimwa siku kama hiyo, watu wanajua maana yake.

Adhuhuri nilikuwa uani nafua, Mwajuma amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mara tukasikia kilio kinakuja kutoka mwanzo wa mtaa. Wanawake wengi, sauti zinapishana. Bibi alitoka jikoni, akasikiliza kidogo, akajifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, akatoka mbio mbele ya nyumba. Niliona kwa macho yangu akiwapokea wale wanawake njiani, akamkumbatia wa kwanza na kulia naye kwa sauti kubwa kuliko wao wote, kwa sababu mwenzako akija analia humwachi alie peke yake. Wakaja wamebebana hadi mlangoni. Pale, katikati ya machozi, Bibi akamgeukia wifi yake wa Gongo la Mboto akamuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi, "Wifi, tunamlilia nani?"

Yule wifi akaacha mdomo wazi. "Si Mwajuma."

"Mwajuma yupi?"

Wakati huo kundi la kwanza lilikuwa limeshapita korido na kufika uani, na Mwajuma akainua uso kutoka kwenye mbuzi, kifuu mkononi, akawaamkia wote kwa pamoja. Mama mmoja alirudi kinyumenyume hadi akakaa kwenye beseni langu la nguo. Mwingine akaanza kumsomea dua. Vijana waliokuja na turubai hawakuwa na habari, walikuwa nje wanapigilia vigingi na kuulizana kaburi limechimbwa wapi. Bibi akapita katikati ya watu, akanikuta nimesimama na shati lililotapakaa povu, akanishika mkono. "Mtani, huu msiba. Fanya kazi yako." Nilijua alichotaka. Mtani ndiye anayeruhusiwa kulala mlangoni mwili usipite, kumtukana marehemu, kuteka sufuria, hadi wafiwa wacheke bila kutaka. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Poleni." Bibi akaniachia mkono. "Mnyamwezi gani wewe," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania.

Hapo ndipo Shomari alipoingia. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini, saruji kichwani, saruji kwenye kope, mweupe namna ileile wanafunzi wangu walivyokuwa weupe wakitoka stoo, na machozi yamemchora usoni vilevile. Kwapani amebana kifurushi cha gazeti, na kitambaa cheupe kinachungulia. Watu wakampisha. Akafika uani, akamwona binti yake juu ya mbuzi, mapaja yamejaa nazi. Akakaa chini, palepale sakafuni, chini ya ule msumari.

"Shikamoo baba," Mwajuma akasema.

"Marahaba," akasema Shomari, na alipoitamka akaanza kulia upya, safari hii kwa sauti, na ile sanda aliyokuja kumzikia mtoto wake akajipangusia uso.

Bibi alimsimamia kichwani. Nilidhani atampiga, nadhani hata yeye mwenyewe alidhani. "Umekuja," akasema. "Kumzika umekuja. Kumuona akila hukuja." Shomari akajibu bila kuinua uso, na sauti yake ilikuwa ndogo kwa mtu wa mabega yale. "Mama, nije na nini? Harusi unaulizwa umeleta nini. Mtoto akiugua unaulizwa. Msibani mtu haulizwi." Ndege ikapita juu ya uani. Mimi niliyekuwa na maoni kuhusu kila kitu sikuwa nalo hata moja, nilijikuta nalia ndani ya shati lenye povu. Kisha Bibi akasema watu wamekuja, inabidi wale, na mtoto amalize hiyo nazi. Turubai likaachwa kwa kuwa lilikuwa limeshafungwa. Ukapikwa ubwabwa mkubwa, na jioni ile nilikula msiba mtamu kuliko harusi zote nilizowahi kualikwa. Shomari alipoaga, Bibi alimkataza kuiacha sanda ndani ya nyumba yake. Alisema dukani hawairudishi, basi aondoke nayo. Aliondoka nayo kwapani.

Jumatatu Mkuu wa shule aliniita. Wazee wa ukoo walikuwa wameshamfikia. "Mwalimu Kabula, umesababisha msiba usio na marehemu," akasema. "Sijui hata nikuonye kwa kosa gani." Lakini alinionya, kwa maandishi, na onyo lile limenifuata kila shule niliyohamia. Mwajuma alisimama pembeni yangu akasema alichanganya faili, alitaka kuweka ile ya pili. Alisema kwa unyenyekevu sana. Mkuu akamwamini, nikamwamini na mimi, na nikamsema njia nzima hadi nyumbani juu ya umuhimu wa kuyapa mafaili majina yanayoeleweka.

Siku ya wazazi viti vyote vilijaa. Habari ya msiba ilikuwa imetangaza hadithi zangu kuliko tangazo lolote, na mtaa mzima ulikuja kuona watoto wengine watakaokufa. Shomari alikaa mbele, shati limepigwa pasi, mikono juu ya magoti, haina kitu. Hadithi ya Mwajuma ilikuwa na picha moja, nayo ni ya ule msumari wa uani. Sauti ilikuwa ya kwake, ya ndani ya magunia, karibu kabisa na sikio. Alisimulia kwamba baba yake alipokuwa anakaa nao alikung'uta shati nje kabla ya kuingia, likatoa moshi, akalitundika pale, na yeye mdogo alikuwa anasimama chini yake ananusa. Alisema bibi yake hajaruhusu mtu atundike kitu pale. Alisema anaujua urefu wake kwa msumari ule, kwamba zamani ulikuwa juu ya kichwa chake na sasa unamfika begani, na baba hajaona. Ikaisha. Hakuna ndege iliyopita. Shomari hakupiga makofi, alikuwa ameinama. Lakini Jumapili iliyofuata niliamka nikakuta shati la kazi limetundikwa uani, na Bibi anapika chapati huku amenuna ili asionekane anafurahi. Shomari alikuja hivyo Jumapili nyingi, mikono mitupu, na hakuna aliyemuuliza. Bibi alipofariki, akarudi kukaa kabisa.

Basi ndiyo nyumba niliyoingia juzi, nikitokea Mbagala, na turubai lilikuwa limefungwa palepale. Mwajuma ni mtu mzima sasa, anapiga video za harusi na misiba ya eneo lote lile, na watu wanasema kimya chake kati ya picha na picha hakina mpinzani. Alinivuta pembeni, macho yamevimba. Akaniambia wakati wanamtafutia baba sanda aliikuta ile ya siku ile, chini ya begi lake, kwenye gazeti lilelile. Ilikuwa ya kike, vipande vimezidi, lakini ilitosha. Ndiyo waliyomvika. Kisha akanitazama kwa yale macho yake ya kupima. "Mwalimu, siku ile sikuchanganya faili."

Nilimwangalia. Nilifikiria ungo ambao haukusimama, ndoo iliyowekwa chini polepole, na ufunguo wangu msumbufu wa stoo. "Nina onyo la maandishi kwa ajili yako," nikamwambia. "Nalijua," akasema. "Samahani. Ila alikuwa hakosagi msiba." Nilitaka kukasirika, nilikuwa na haki zote za kukasirika, na badala yake nikamshika, tukatikisika wote wawili pale nyuma ya masufuria hadi mtu akaja kutuletea maji.

Wanaume walipoinua jeneza kulitoa korido, nilivua viatu nikaenda kulala mlangoni, na kitenge changu na shahada yangu na umri wangu wa sasa. Wakasimama. Vijana wasionijua wakaulizana huyu mama vipi, na mzee mmoja akawaambia mwacheni, huyo Mnyamwezi. Nikapaza sauti ili wa ndani asikie, na ili Bibi Mwamvita asikie huko aliko.

"Shomari Pazi, mwizi mkubwa. Mtoto wako ulimletea zawadi moja tu maisha yako yote, na hiyo nayo leo unaondoka nayo. Hupiti hapa. Vua nguo ya mtoto, umrudishie, ndo uende."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikaja hadi kwa wabebaji, jeneza likayumba mabegani mwao. Nikageuza kichwa kumtafuta Mwajuma. Alikuwa amesimama uani kando ya ule msumari, kanga mdomoni, mabega yanacheza, na nilipokuwa bado sijajua anacheka au analia, aliiondoa kanga akasema, "Mwache apite, mtani. Nimempa."